Mpishi Aliyejua Mia Sita Tu

Sogeeni. Nyinyi wa benchi la nyuma, mnangoja nini huko mlangoni? Njooni huku mbele, maana mvua ikianza, bati hili litanizidi sauti. Mwenye mtoto anayelia ampe ziwa. Mwenye simu aizime, alokuwa anataka kumpigia atapiga kesho. Nataka kimya, kile kimya cha mtu anayetega sikio kusikia kama maharage yameanza kuchemka. Haya. Asanteni. Nina mfano.

Kulikuwa na bwana mmoja, tumwite Lutengano, mtu wa huku huku kwetu kwenye baridi na migomba. Huyu bwana alifungwa. Msiniulize kama alionewa, hakuonewa. Aliiba. Na hakuiba kuku wa mtu wala baiskeli. Aliiba sufuria za shughuli za usharika, zile kubwa ambazo mama akiinama kuzisugua ndani unaona miguu tu. Sufuria nane! Yeye na wenzake wawili walivunja stoo, wakazibeba, wakawauzia wanunuzi wa chuma chakavu, zikapondwapondwa siku hiyo hiyo. Wenzake wakatoroka. Yeye akakamatwa na masizi bado yako mgongoni.

Siku mbili tu baadaye akafariki mume wa Bibi Subilaga, bibi mmoja asiye na mtoto, aliyekuwa akikaa jirani na kanisa. Waombolezaji wakaja kutoka vijiji vinne. Akina mama wakaenda stoo kuchukua sufuria, wakakuta mlango umelala chini na ndani panya anajitembelea. Watu wakazika. Wakanawa mikono. Wakatazamana. Wakaondoka na njaa. Akina mama, aibu hiyo mnaijua. Mjane amekaa mkekani, anasikia watu wanaaga mapema, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini.

Lutengano akapewa miaka saba.

Kule gerezani wakamweka jikoni. Lilikuwa gereza kubwa, lina wafungwa mia sita. Miaka saba akasonga ugali wa watu mia sita kwa mwiko mrefu kama jiti la kuegemezea mgomba. Akajua moto. Akajua maharage yanataka nini na saa ngapi. Akajua kugawa, mtu asipate kijiko zaidi ya mwenzake, maana kule kijiko kimoja kinaweza kuleta ngumi. Miaka ikaisha, akafunguliwa, akarudi nyumbani.

Nyumbani mke hayupo. Tusekile, mkewe, alikuwa amerudi kwa wazazi wake. Lutengano akamfuata. Baba mkwe akampa kigoda, akampa chai, maneno hakumpa. Ndipo Tusekile akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga.

"Umerudi salama?"

"Nimerudi salama."

"Namshukuru Mungu. Lakini mimi sirudi."

"Tusekile, nimebadilika."

"Hata maziwa hubadilika, Lutengano." Akamtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Sikiliza. Sokoni mimi ni mke wa mwizi wa sufuria. Mtoni, mke wa mwizi wa sufuria. Kwaya nimeacha, maana nikifungua mdomo kuimba naona watu wanaminyana mbavu. Siku nitakayomsikia mtu nisiyemjua anakutaja kwa kazi yako, sitangoja kufuatwa. Nitakuja kwa miguu yangu."

Hayo ndiyo aliyorudi nayo Lutengano. Hakutaka utajiri. Alitaka kazi ambayo watu watamwitia, ili mke arudi. Shikeni hapo, msipadondoshe.

Sasa pale usharikani kulikuwa na Kikundi cha Kazi. Mama mmoja, Mama Ambwene, mpana wa mwili na mpana wa moyo, alikuwa ameomba chumba walimokuwa wakitupia mabenchi mabovu. Akakifagia, akaweka meza. Yeyote aliyetoka kifungoni, yeyote ambaye jua linazama hajapata cha kutia jikoni, alikuwa anakuja pale anakaa, anaulizwa swali moja tu: mikono yako inajua nini? Akishajibu, Mama Ambwene anajifunga kanga yake safi, anakwenda kuwabishia watu hodi. Mchukue huyu. Namjua. Akikosea, niite mimi kwanza.

Ilipofika zamu ya Lutengano, Mama Ambwene akamuuliza, "Mikono yako inajua nini?"

"Kupika, mama."

"Kupika! Na unalisema hilo mbele za watu, mwanamume mzima? Kesho una kazi."

Akampeleka kwa mama lishe mmoja pale stendi. Mama lishe akamwonyesha unga, akamwonyesha jiko, akasema, "Songa ugali wa mchana, mimi nakimbia sokoni mara moja." Aliporudi, jamani! Ugali kwenye sufuria, ugali kwenye ndoo, ugali kwenye beseni alilomwogeshea mjukuu asubuhi, ugali umekalia mfuniko kama kuku anayeatamia. Gunia zima la unga limelala chini, tupu.

"Wewe! Kuna mkutano wa hadhara hapa?"

"Kwani mama, hapa wanakula wangapi?"

"Ishirini! Wakizidi sana, ishirini na wawili!"

Lutengano akasimama na mwiko wake, uso umemshuka. "Mama, nisamehe. Mimi najua mia sita."

Mnacheka. Stendi nzima ilicheka. Makondakta walikula bure siku ile, wakafunga na ya nyumbani. Lakini yeye jioni alirudi kwenye kile chumba, akakaa kama mtu aliyefiwa.

Mama Ambwene hakuchoka. Akampeleka kwa mwalimu mmoja apikie watu watano. Akajitahidi, maskini. Aliinamia kale kasufuria kadogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano gizani. Lakini chumvi mkono wake uliijua kwa kiganja, haukuijua kwa vidole. Mwalimu alikunywa maji hadi usiku. Tena kila asubuhi mwalimu alimkuta amesimama nje ya mlango wa jikoni. Mlango ukiwa na komeo la kusukuma, anaingia. Ukiwa na kufuli, hata ufunguo uning'inie pale pale ukutani, anasimama, mikono nyuma, anangoja mtu aje afungue. Wiki haikuisha, akarudishwa.

"Mama," akamwambia Mama Ambwene, "niache tu. Kazi imenikataa."

"Haijakukataa kazi. Zimekukataa sufuria ndogo. Kaa hapo, kunywa uji."

Basi ng'ambo ya mto walikuwa wanajenga barabara. Kambi kubwa, wafanyakazi mia sita. Mia sita, mmesikia? Na kambi ile ilikuwa na shida moja: chakula cha mchana. Wapishi wa kwanza walichelewesha, nusu ya watu wakarudi kushika sururu na njaa. Wa pili walileta chakula kibichi. Mama Ambwene aliposikia habari hizo sokoni, aliacha nyanya zake juu ya meza ya mwenye nyanya akaenda moja kwa moja kambini, akamkuta mkuu wa kambi, bwana mmoja wa kofia ngumu na maneno mafupi.

"Mama, unga ninao, maharage ninayo, kuni ninazo. Sufuria mje nazo. Kengele ikigongwa saa sita, nawapa nusu saa. Ikigongwa tena, kila mtu awe amekula. Ijumaa. Siku moja tu. Mkishindwa, sitaki kuwaona tena."

"Tutakuja," akasema Mama Ambwene. Akarudi akipiga vigelegele peke yake njiani, watu wanamshangaa. Alipofika tu akamwambia Lutengano, "Wamepatikana wale mia sita wako!"

Lutengano akaruka. Halafu akakaa chini polepole. "Sufuria, mama. Sufuria zitatoka wapi?"

Hapo hata Mama Ambwene akakaa chini kando yake.

Maana sufuria zilikuwepo, ndugu zangu. Miaka minne mzee wa kanisa, Mzee Mwasomola, alizunguka kwa miguu nyumba kwa nyumba, huyu katoa mkungu wa ndizi, yule kuku, yule debe la mahindi, mpaka zikanunuliwa sufuria nyingine nane. Stoo ikawekwa mlango wa chuma na kufuli kubwa kama ngumi. Na ufunguo wakampa Bibi Subilaga, yule mjane, wakijua hakuna atakayeulinda kwa uchungu kumzidi. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akilala nao, akiamka nao.

Alhamisi alasiri wakakutana mbele ya stoo. Mzee Mwasomola akasimama.

"Nasikia mnataka sufuria. Nani anazipeleka?"

"Kikundi, mzee," akasema Mama Ambwene.

"Kikundi si mtu. Semeni jina. Mbona mnameza mate?"

Lutengano akasimama mwenyewe. "Ni mimi, mzee."

"Wewe."

"Mimi."

"Sufuria tulizonunua kwa sababu yako."

"Ndizo hizo hizo, mzee."

Wengine wakacheka, wengine wakashika vichwa. Mzee Mwasomola akapaza sauti, na mimi simlaumu. "Miguu hii imevimba kwa ajili ya sufuria hizi! Leo fisi amekuja na adabu zake kuazima zizi!" Akapumua. "Lakini sitaki kusikia kwamba nimemzuilia mtu kazi. Zitoke. Zitoke hivi: afunguliwe stoo na mtu mwingine, abebe huku vijana wanne wakimtazama, apike wakimtazama, na kila sufuria ipitishwe mnyororo. Jioni zirudi, tuzihesabu, tufunge."

Watu wakasema, mzee kasema vyema. Hata Lutengano aliona ni haki, akaitikia kwa kichwa. Alikwisha kuzoea kutazamwa. Mngesema nini nyinyi? Si ni busara hiyo? Mtu kapewa kazi, na mali imelindwa. Nani angelalamika?

Bibi Subilaga alikuwa amekaa kwenye jiwe, na fimbo yake. Akasema, "Mleteni huyo mtoto hapa."

Lutengano akaenda, akapiga magoti.

"Mwanangu, siku ya kumzika mzee wangu ulikuwa wapi?"

"Mahabusu, bibi."

"Watu waliondoka na njaa. Nilisikia matumbo yao wakiwa wananipa mkono wa pole. Miaka saba sijaacha kuyasikia. Ulilijua hilo?"

Lutengano hakuweza kuinua uso. "Niliambiwa na askari, bibi. Nilipokuwa nasonga ule ugali, kila siku, nilikuwa nasema moyoni, huu ni wa wale wa msibani. Lakini waliokuwa wanakula ni wengine."

Bibi akaiegemea fimbo yake. Kisha, "Unaweza kulisha watu mia sita kwa nusu saa?"

"Naweza, bibi. Hicho ndicho kitu pekee ninachoweza."

Bibi akaanza kufungua lile pindo. Fundo lilikuwa la miaka, likamshinda kwa vidole, akalitafuna kwa meno mawili aliyobakiza. Ufunguo ukatoka. Mzee Mwasomola akanyoosha mkono kuupokea. Bibi akaupita ule mkono, akautia ufunguo kiganjani mwa Lutengano.

"Bibi!" Mzee akapiga kelele. "Unamkabidhi nani?"

"Sufuria alizichukua mwenyewe, hakuna aliyempa. Ufunguo hajawahi kupewa na mtu. Leo nampa."

"Na akiondoka nazo?"

"Nitalia tena, Mwasomola. Kulia nakujua." Akageuka kwa Lutengano. "Hakuna mnyororo, hakuna vijana wanne. Kesho alfajiri fungua mwenyewe. Na mimi mchana nitakuja kula. Nenda."

Basi kukakucha, au tuseme kulikuwa kunataka kukucha. Mzee Mwasomola hakulala vizuri. Alijiambia, huyu bibi ni mzee, akili zimemruka, lazima mtu mmoja awe macho. Akajifunga koti, akaenda akajificha kwenye migomba mkabala na stoo, umande unamdondokea shingoni. Akangoja kumkamata mwizi.

Mwizi akaja. Peke yake, na mkokoteni. Akasimama mbele ya mlango wa chuma, ufunguo mkononi. Mzee Mwasomola akainama, akatega macho. Sasa anafungua. Sasa.

Hafungui.

Jogoo wa kwanza, hafungui. Jogoo wa pili, yuko pale pale, miguu pamoja, mikono nyuma, ufunguo unaning'inia kidoleni. Anautazama mlango kama anayengoja jina lake liitwe. Mbu wakamla yule mzee. Mwisho subira ikamwishia, akatoka migombani anajipukuta majani.

"We Lutengano! Mbona hufungui?"

Lutengano akashtuka, akajikunyata, kisha akatambua ni nani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nakuuliza, mbona hufungui? Maharage yatawekwa motoni saa ngapi?"

"Mzee, usinicheke. Miaka saba sijafungua kufuli. Kule mlango hufunguliwa. Unasimama, unangoja, afande anafungua, unapita. Najua ufunguo ninao. Najua nimeambiwa nifungue. Mkono hautaki."

Mzee Mwasomola akamtazama. Alikuja kumkamata mtu anayefungua mlango usio wake. Amemkuta mtu asiyeweza kufungua mlango aliopewa. Wapendwa, yule mzee alisimama pale, umande unamtiririka, na kitu fulani ndani yake kikaachia.

Angeweza kuuchukua ule ufunguo afungue yeye. Hakuuchukua. Akasogea akasimama begani kwake, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, "Uingize. Ehe. Usiulazimishe. Zungusha upande wa mkono wa kulia. Kidogo tena. Hapo hapo."

Kufuli likaruka. Lutengano akausukuma mlango kwa mikono miwili, na sufuria nane zikaonekana ndani, zimefunikizwa, zinang'aa. Akalia pale pale kizingitini.

"Utalia kambini," akasema Mzee Mwasomola, na yeye anajifuta pua kwa mkono wa koti. "Shika huku, mimi nishike huku. Nzito hizi, nazijua, nilizinunua mimi."

Akina mama wa Kikundi walipofika walikutana nao njiani, mwizi anavuta mkokoteni na mzee wa kanisa anasukuma. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kule kambini sasa! Yule yule aliyekuwa anaogopa kasufuria ka watu watano, alipoona mafiga ishirini na manne yamepangwa na kuni zimerundikwa kama kilima, alinyooka mgongo. Alionekana mrefu. Kulikuwa na dada mmoja wa Kikundi aliyewahi kufungwa kwa kupika gongo, na hakuna mtu ajuaye moto kama mpika gongo. Lutengano akamwambia, "Dada, moto ni wako, mimi siugusi." Mama mmoja mjane aliyekuwa akifulia watu nguo, mikono yake imara kama kamba, akapewa mwiko. Kila mmoja akaambiwa mikono yake ifanye kile inachokijua. Lutengano anapita katikati, anaonja, anasema, "Ongeza huku. Punguza pale. Dada, sufuria hii inataka kulia, itulize." Na hakupaza sauti hata mara moja.

Saa sita kengele ikagongwa. Wanaume mia sita wakaja kama mafuriko, sahani zinagongana, wamekwisha kuzoea kusukumana. Lutengano akapanda juu ya gogo.

"Mistari sita! Hakuna atakayekosa! Anayesukuma anarudi nyuma!"

Sijui ni ile sauti, sijui ni harufu ya yale maharage, wakajipanga. Mistari sita, akina mama sita. Bakuli moja la ugali, upawa mmoja wa maharage, songa mbele. Bakuli, upawa, songa. Ilikuwa kama ngoma. Wafanyakazi wenyewe wakaanza kuipigia sahani zao.

Katikati ya hayo akaja mkuu wa kambi na kofia yake ngumu, akapita pembeni mpaka mbele kabisa, akanyoosha sahani.

Lutengano akaweka mwiko mbele yake. "Mzee, mstari unaanzia kule."

Sahani zikanyamaza. Mama Ambwene akafumba macho, akasema moyoni, basi, tumekwisha.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Wewe ni wa mia sita na moja. Chakula chako kipo."

Yule bwana akamtazama. Akautazama mstari, akawatazama watu wake wanaokula wamekaa, hakuna anayegombana. Akapasuka kicheko, akaenda kujipanga nyuma! Watu wakashangilia mpaka ndege wakahama kwenye miti.

Na nyuma yake, mnajua alikuwepo nani? Bibi Subilaga na fimbo yake, amebebewa sahani na Mzee Mwasomola. Akapewa chake, akakaa juu ya gogo katikati ya wale vijana wa sururu, akala polepole, akamaliza. Lutengano amesimama mbele yake kama aliyesimama mbele ya hakimu.

"Bibi, kikoje?"

"Chumvi imezidi." Kisha akamnyooshea sahani. "Niongeze."

Kengele ya pili ilipogongwa, mia sita walikuwa wamekula na wengine wamekwisha kulala chini ya miti. Mkuu wa kambi akasema, "Kesho mje. Na kesho kutwa. Mpaka barabara iishe." Vigelegele, jamani! Vilivuka mto. Jioni sufuria zikarudi zote nane zimesuguliwa, Lutengano akafunga stoo, akampelekea Bibi ufunguo. Bibi akamwambia, "Kwani kesho hampiki? Kaa nao."

Haikupita wiki ya tatu, mchana mmoja akatokea mwanamke na mzigo kichwani getini pa kambi. Mlinzi, kijana mgeni kutoka mbali huko, akamuuliza anamtafuta nani. Mwanamke akataja jina. "Aa, mpishi wetu!" yule kijana akasema, uso umemchangamka. "Mpishi mkuu. Pita mama, yuko kule kwenye moshi. Bila yeye tungekufa hapa." Sokoni kwao alikuwa amemsikia mtu asiyemjua akisema hivyo hivyo; Tusekile akashusha mzigo. Akakaa juu yake kidogo. Kisha akasimama, akaenda kule kwenye moshi.

Mnapiga makofi. Pigeni, ni haki yenu. Lakini ngojeni kwanza, msiinuke.

Katika mfano huu wewe ni nani? Najua. Kila mmoja hapa amekwisha kujichagulia kuwa Bibi Subilaga. Tumejivika kanga yake. Hapana, wapendwa wangu. Sisi ndio tuliokuwa migombani. Sisi ndio tuliosema, apewe kazi lakini atazamwe. Mtu katoka kifungoni, tunampa jembe tunamwonyesha shamba, halafu tunakaa dirishani tumefungua pazia kidole kimoja, tunangoja akosee ili tuseme, si niliwaambia? Hiyo si kazi tuliyompa. Tumembadilishia gereza tu, na askari ni sisi.

Halafu tunasema hawataki kubadilika! Tunamwona amesimama mlangoni, tunasema mvivu. Nani kati yetu ametoka kwenye majani, akasimama begani kwake, akamwambia zungusha kulia, kidogo tena? Na Mungu, je, alitufanyia sisi hivyo? Alitupitisha mnyororo kwanza? Siku aliyotusamehe alituwekea vijana wanne? Mbona sisi alitutia ufunguo mkononi, na alijua vizuri tulichoiba?

Sasa niwaambie yaliyofuata, nikae.

Barabara ilipokwisha, jiko lile lilihamia shule ya sekondari, na aliyelirithi ni yule dada wa gongo. Mpaka leo wanafunzi wanamwita mama. Mwiko aliurithi mjane aliyekuwa akifua nguo, anafundisha nao mabinti. Bibi Subilaga alipotangulia, kiwanja chake kando ya kanisa alikirithi Kikundi cha Kazi, wamejenga ukumbi una madirisha makubwa. Mzee Mwasomola alipochoka, kiti chake cha uzee wa kanisa alikirithi Lutengano, na ni yeye mzee mwenyewe aliyelitaja jina mbele ya mkutano, bila kumeza mate.

Na sisi urithi wetu upo. Jumamosi hii asubuhi lango la gereza litafunguliwa, watatoka watu wanne wa huku kwetu. Watatu wanaume, mmoja mwanamke. Hao ndio wetu. Nani anakwenda kuwapokea? Inueni mikono niwaone. Mkono wangu mnauona uko juu.